Amani hadi Newala: siku nane nyuma ya michirizi ya kahawia

Daftari la safari limerudi na madoa ya utomvu wa muhogo, yale yasiyotoka hata kwa sabuni ya mche. Picha ni mia nne na ushee, karibu zote za majani ya chini, mashina na mizizi iliyokatwa vipande. Yanayofuata yamepangwa upya kutokana na hivyo viwili.

Tulichagua Juni kwa makusudi. Muhogo uliopandwa vuli unakuwa na miezi sita au saba, na majani ya chini, ambako michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi tulioufuata, hujionyesha, bado yapo. Ukienda Septemba ukanda wa pwani utakuta mashina yamebaki na kishungi cha majani juu, kila shamba linaonekana zima, na utarudi nyumbani umedanganyika.

Mizigo ilikuwa michache: visu viwili, chupa ya spiriti ya kufutia visu kila baada ya mmea, lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, na simu yenye programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya muhogo kwa kamera, kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti.

Siku ya 1. Dar es Salaam hadi Muheza

Basi liliondoka Mbezi alfajiri. Hadi Chalinze hakuna la kusimulia. Pale Chalinze akapanda mzee mmoja na mafungu sita ya mashina ya muhogo, yamefungwa kwa kamba ya katani na kufunikwa kwa viroba. Anatoka kwa shemeji yake Kisarawe, anakwenda Korogwe. Kondakta akamtoza 5,000 ya mzigo, mafungu yakaingia buti. Hakuna aliyeuliza yametoka kwenye shamba la namna gani. Mzee mwenyewe angejibu kwa kweli tupu: kwa shemeji muhogo unazaa vizuri.

Tulikaa naye kiti kimoja, na mazungumzo yake ndiyo yaliyoiwekea safari nzima mstari. Inzi weupe, wale wadogo kama punje ya unga wanaoruka ukitikisa kilele cha muhogo, ndio wanaoambukiza batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, na michirizi ya kahawia. Lakini wanabeba kwa namna mbili tofauti. Virusi vya batobato inzi huvipata baada ya kunyonya kwa saa kadhaa, kisha hukaa navyo zaidi ya wiki. Vya michirizi huvipata kwa dakika chache tu, na baada ya siku moja au mbili vimemtoka. Ndiyo maana michirizi haiendi mbali kwa mabawa: majaribio ya shambani yameonyesha kuwa kwa msimu mmoja huenea chini ya mita 20 kutoka mmea ulioumwa. Kutoka Kisarawe hadi Korogwe si mita 20. Ile njia nyingine ilikuwa ndani ya buti, imelipiwa 5,000.

Mzee alishuka Segera kuunganisha gari la Korogwe. Alituachia embe bichi mbili na chumvi kwenye karatasi.

Siku ya 2. Muheza hadi Amani

Muheza wakati huu ni machungwa. Yamemwagwa kando ya barabara kama kokoto, na ukinunua matano muuzaji anakuongeza mawili bila kuombwa. Kifungua kinywa: muhogo wa kuchemsha, chachandu na chai ya rangi, 1,500 kwa mtu.

Magari ya kwenda Amani huondoka yakijaa, na hayajai haraka. Hadi Sigi barabara ni ya kuvumilika. Baada ya hapo ni kona juu ya kona, msitu umefunga pande zote, na masika yalikuwa yameacha utelezi mwekundu. Gari lilikwama mara moja. Vijana waliokuwa wakishusha iliki walitua mizigo yao, wakasukuma, wakaondoka kabla hatujafungua pochi.

*Kwa atakayekwenda:* Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, kuna ada ya kuingia, na ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu. Mtandao kule juu unakuja na kuondoka, kwa hiyo weka salio kabla ya kuondoka Muheza. Chukua sweta.

Kwa nini kupanda mlima kutafuta ugonjwa wa pwani? Kwa sababu maandishi yake yanaanzia hapa. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani mwaka 1902. Batobato ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla yake, mwaka 1894, kutoka kwenye himaya yao hii ya Afrika Mashariki. Michirizi ya kahawia ilisubiri hadi 1936, Waingereza wakiwa ndio wenye kituo, H. H. Storey alipoieleza kama ugonjwa unaojitegemea. Alihisi inzi weupe wanahusika, na uthibitisho wa maabara ulipatikana mwaka 2005, karibu miaka 70 baadaye.

Kazi kubwa zaidi ya Amani ilikuwa kuzalisha aina mpya. Watafiti walichukua muhogo wa kawaida wakauchanganya na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceara, *Manihot glaziovii*. Watu wa pwani wanaujua bila jina la Kilatini: ndio mti wa kisamvu cha mpira. Uzao ulirudishwa kwa muhogo mara kadhaa hadi mizizi ikawa ya kulika, ila ukinzani ukabaki. Mmoja wa wajukuu hao ni Namikonga, ambao Kenya unaitwa Kaleso, na hadi leo ni miongoni mwa aina zinazoihimili michirizi vizuri kuliko nyingi.

Chini kidogo ya bustani ya mimea kulikuwa na mti mmoja mkubwa wa mpira nyuma ya nyumba, unachumwa kisamvu. Mti huohuo uliotoa kinga nao huumwa michirizi, na inzi weupe huufikia. Ukiwa na shamba la mbegu, usiuache mti wa mpira ukingoni kwa ajili ya mboga.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya hifadhi. Ugali, kisamvu cha nazi, maharage. Mvua usiku kucha.

Siku ya 3. Mashamba ya bondeni, Muheza

Siku ya kazi. Bibi mmoja mwenye ekari na nusu aliturudisha mara mbili getini hadi alipohakikisha hatuuzi dawa, kisha akatuachia shamba lote na kutuletea madafu.

Namna ya kulikagua shamba la muhogo bila kujidanganya ni hii. Vuka shamba kwa mshazari, kona hadi kona, kisha mshazari wa pili, usimame kwenye mimea 30 kwa jumla. Usichague mimea, hesabu hatua, na utakapofika ndipo hapo. Fanya mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu jua likishapanda inzi wanaruka kabla hujagusa jani. Shika kikonyo cha jani, ligeuze polepole, hesabu inzi wazima kwenye majani matano ya juu ya tawi refu kuliko yote. Watoto wao hawaruki, wamejibandika kama magamba chini ya majani ya katikati na ya chini. Hao utawaona kwa lenzi. Ukiona majani ya chini yamepakwa weusi kama masizi, hiyo ni kuvu inayoota juu ya utamu wanaoutoa.

Kisha ugonjwa, kwa daraja la 1 hadi 5: 1 ni mmea safi, 5 ni mbaya kabisa. Batobato tazama juu: majani machanga yana mabaka ya njano au kijani hafifu, yamejikunja, upande mmoja mdogo kuliko mwingine. Michirizi tazama chini: majani yaliyokomaa yana umanjano unaofuata mishipa kama unyoya, jani lenyewe halijajikunja hata kidogo. Wakulima wengi hudhani ni uzee wa jani. Halafu shina, sehemu ya kijani: mistari ya kahawia au zambarau, kama aliyepitisha ukucha wenye kutu.

Kuna kinachochanganya. Utitiri wa kijani huacha vitone vidogovidogo vya njano kwenye majani ya kileleni, na kiangazi kikiwa kikali jani hubaki jembamba kama kamba. Mtu huliita batobato. Tofauti ni kwamba mabaka ya batobato ni makubwa na yana mipaka, ya utitiri ni kama yamenyunyizwa. Nuru inasaidia hapa. Kwa mzizi na shina haisaidii. Kisu ndicho kinachosema.

Bibi alikuwa na kipande kingine cha miezi miwili, na hicho kilitufaa kuliko kile kikubwa. Kwenye muhogo mchanga wenye batobato, tafuta jani la kwanza kabisa kuchipua. Kama nalo lina mabaka, ugonjwa ulikuja na pingili, kile kipande cha shina kilichopandwa. Kama majani ya chini ni masafi na mabaka yameanza katikati kwenda juu, umeletwa na inzi baada ya kupanda. Kwake, mimea iliyoumwa ilikuwa karibu yote ya kundi la kwanza. Aliuliza mara moja: "Kwa hiyo nilipanda ugonjwa mwenyewe?" Pingili alizipata kwa jirani, bure.

Swali la pili lilikuwa dawa ya kupuliza, na tulilisikia kila wilaya. Jibu letu ni hapana, kwa sababu tatu. Inzi wa michirizi anaambukiza ndani ya dakika, kabla sumu haijamwangusha. Dawa nyingi huua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya watoto wa inzi weupe, na baada ya wiki chache inzi wanarudi wengi kuliko mwanzo. Na muhogo una kisamvu: kilichopulizwa Jumatatu kinaweza kuwa chunguni Jumatano.

Siku ya 4. Kurudi Dar, kisha Mkuranga

Siku ya barabara. Foleni ya Kimara ilikula saa mbili. Mbagala Rangi Tatu tukapata daladala ya Mkuranga saa moja usiku, tumesimama hadi Vikindu. Chakula cha usiku kilikuwa muhogo wa kuchoma wa barabarani, 1,000, pilipili ya kutosha. Mchomaji huukata mzizi kwa urefu kabla ya kuuweka jikoni, na chini ya meza yake kulikuwa na ndoo ya vipande vyenye kahawia. "Hiyo ya mbuzi," alisema. Ndoo ilikuwa imejaa.

Siku ya 5. Mkuranga na Kibiti

Hapa ndipo michirizi inapouma mfukoni. Batobato hudumaza mmea, mkulima anaona mapema na anaweza kuhangaika. Michirizi huacha mti umesimama vizuri, kisha siku ya kung'oa, ndani ya mzizi mna kahawia kavu, ngumu kama kizibo cha chupa. Haichemki, haiivi, na unga wake ni mchungu na mchafu wa rangi.

Mwenye shamba mmoja njia ya Kibiti alituruhusu kung'oa mimea minne na akakataa malipo, ila alitaka kila kipande kikatwe mbele yake. Kila mzizi unakatwa mapande mara tano au sita, toka kikonyoni hadi mkiani, kwa sababu ugonjwa hauenei sawasawa. Mzizi mmoja unaweza kuwa mweupe pe na jirani yake kwenye shina hilohilo umeoza. Kukata kimoja na kutangaza shamba salama ni kosa ambalo hata wanunuzi wa jumla hulifanya, kisha hugombana na mkulima gunia likifika Dar.

Mimea miwili ilikuwa ya aina iitwayo Kiroba, miwili aina ya zamani ambayo mwenyewe aliiita tu "ya marehemu baba". Ya baba ilikuwa na majani machache ya kijani kilichokolea, na mizizi mitatu kati ya mitano haifai. Kiroba ilikuwa na majani ya chini ya manjano, michirizi kwenye shina, na mizizi karibu yote myeupe. Alifurahi sana, na hapo ndipo tulipolazimika kuharibu furaha. Kiroba huvumilia. Kuvumilia si kukosa virusi. Mizizi ni mizuri, kwa hiyo kila jirani anaomba mashina, na mashina yana ugonjwa. Kwa shamba lake aendelee kula Kiroba yake, hakuna tatizo. Kwa kugawa, asigawe.

Jambo moja linalosaidia bila gharama: kuvuna mapema. Kahawia huongezeka kadiri mzizi unavyokaa ardhini. Aina inayovumilia ukiing'oa miezi tisa unaweza kupata mazao karibu yote. Ukiiacha mwaka na nusu kama akiba ya njaa, akiba inaoza humohumo. Wazee hawapendi ushauri huu, na wana haki, kwani muhogo ulipendwa kwa kuwa ghala lililo ardhini.

*Kwa anayetafuta mbegu safi:* ekari moja kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1 inataka pingili 4,000 hivi. Pingili iwe sentimita 20 hadi 30, macho matano hadi saba, kutoka sehemu ya katikati ya shina la miezi 8 hadi 12. Kilele cha kijani tupa. Ikatwe ikitoa utomvu, isiyotoa imekauka. Mashina yakisubiri mvua yasimamishwe kivulini, kitako kikiwa kimefukiwa kidogo. Muulize muuzaji cheti cha TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu, na usione haya kuomba kuliona shamba lenyewe kabla ya kuvuna, kati ya miezi mitatu na sita, wakati majani hayajaficha kitu. Mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora, lililo chini ya mbegu iliyothibitishwa, huzalishwa na wakulima karibu na wateja, na hiyo ndiyo faida yake: pingili ni mzigo mkubwa wa thamani ndogo, na kirikuu kwa safari ndefu huweza kukugharimu kama mbegu yenyewe. Majina ya kuulizia pwani, mbali na Kiroba: Chereko, Kipusa, Kizimbani, Mkuranga 1.

Shamba la mbegu liwe mbali na muhogo wa zamani kadiri inavyowezekana, sisi tunasema angalau mita 50, na liwe upande unakotoka upepo. Anayepanda vuli akumbuke miezi inayofuata ni ya kaskazi, siyo kusi. Kuanzia mwezi wa kwanza baada ya kupanda lipite kila wiki mbili au tatu na ung'oe kila mmea wenye dalili, wote pamoja na pingili yake, asubuhi na mapema inzi wakiwa wazito. Utoe shambani palepale. Ukiuacha ulale kati ya mistari unaponyauka, inzi wanahamia mmea wa jirani, na wamekwisha kunyonya. Kama mimea iliyoumwa imefika robo ya shamba, acha kung'oa. Hilo si shamba la mbegu tena, ni la chakula.

Siku ya 6. Kibiti hadi Mtwara

Basi tulilikamata Kibiti saa nne. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, karibu kilomita nzima, ndiyo sehemu pekee abiria wote walinyamaza kutazama nje. Somanga tulisimama saa moja na dakika arobaini. Mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii Mei 2024, na palikuwa bado pana michepuko na foleni ya malori. Mama aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga alipanda ndani kusubiri pamoja nasi na akauza sinia lote. Mtwara saa tatu usiku.

Siku ya 7. Naliendele

Kituo cha Naliendele cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kiko kilomita chache nje ya mji, njia ya Newala, bodaboda 3,000. Watu wanakijua kwa korosho, lakini programu ya taifa ya mazao ya mizizi iliratibiwa hapo kwa miaka mingi. Peleka barua siku kadhaa kabla. Sisi tulipeleka, na bado tulisubiri hadi saa tano mwenye funguo arudi.

Somo la hapa ni kwamba aina kinzani ya ugonjwa mmoja si kinga ya mwingine. Uganda iliijua kwa uchungu. Baada ya batobato kali kuimaliza mihogo miaka ya 1990, aina kinzani zilisambazwa kwa wingi, TME 204 ikiwa mojawapo. Mwaka 2004 michirizi ikajitokeza kule, sehemu za juu ambako watu walidhani haifiki, na TME 204 ikawa miongoni mwa zilizoumwa sana. Ukiambiwa aina fulani "haipati ugonjwa", uliza upi.

Kwenye mashamba ya jirani mashine za kupuliza salfa zilikuwa zinaunguruma juu ya mikorosho. Wakulima wenye muhogo chini ya mikorosho waliuliza kama vumbi hilo linaua inzi weupe pia. Halifanyi hivyo. Salfa ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho.

Siku ya 8. Newala

Kupanda uwanda wa Makonde kupitia Tandahimba, vumbi na lami kwa zamu. Maji ni shida, ndoo inauzwa, na muhogo ndio unaobaki shambani mengine yakikauka. Nyumba nyingi zilikuwa na makopa, vipande vya muhogo vya kukausha, yameanikwa juu ya paa. Ukitazama makopa kwa karibu unasoma shamba bila kuingia: vipande vyenye mashimo ni vile vilivyochongwa kutoa kahawia. Mama mmoja alitukaribisha ugali wa makopa na mlenda, akacheka tulipoanza kugeuza vipande vyake kama wakaguzi. Vyenye mashimo vilikuwa vichache. Mbegu yake ni ya bibi yake, hajawahi kuichanganya na ya mtu.

Jioni tulikwenda kuangalia bonde toka Shimo la Mungu, kisha stendi. Gari la Masasi lilikuwa linapakia. Juu ya keria, mafungu saba ya mashina ya muhogo, majani machache bado yamening'inia. Mwenyewe, kijana, aliturushia fungu moja chini kwa hiari, tukalifungua palepale, tukakwangua ganda kwa kisu. Mistari ya kahawia ilikuwemo. Fungu la pili vivyo hivyo. Matano yaliyobaki hatukuona kitu, na tulimwambia kuwa kutoona si kusema yako salama, maana shamba ni moja.

Akafikiri. Mawili akayaacha kando ya ukuta wa stendi. Matano akayafunga tena, na gari likaondoka nayo.